Mama Waliyemtoa Kwenye Sinema

Faida mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapolinganisha kitabu na sinema iliyotokana nacho ni kuuliza kipi kizuri zaidi. Mimi mwenyewe nililifanya kwa miaka yote niliyofundisha Kifaransa kule Uvira, na nikawalazimisha watoto wa watu kulifanya pamoja nami. Swali hilo halifiki popote. Kila mtu hujibu kwa mapenzi yake, kisha mnaenda kula. Swali lenye kazi ni jingine: nani alikuwemo kitabuni na hayumo tena kwenye sinema, na kutokuwepo kwake kumemrahisishia nani mambo?

Naanza hapo kwa sababu tangu Jumapili sisi wawili hatuzungumzi kitu kingine, hata pale tunapojidai tunazungumzia sanduku. Habari za koti, za karatasi za uwanja wa ndege, za baridi ya Kanada unakokwenda, umeshaambiwa na bloku nzima ya kambi, hata na watu ambao hawajawahi kuona ndege chini. Sitaongeza neno. Sasa hivi uko kwenye mazoezi ya mwisho ya kwaya, nakusikia sauti yako katikati ya sauti za wenzako, na mimi nimekaa mlangoni kwenye mwanga uliobaki. Barua hii utaisoma kesho asubuhi garini. Kwa hiyo nikiandika "leo", ni leo yako.

Mama yako hayupo. Yuko Kauma, mtaa wa Lilongwe, kwa dada yake, simu yake imezimwa, na usiku mmoja tu unabaki kati ya gari kukushusha Lilongwe na ndege yako kuruka. Ukiondoka bila kumwona, sina hakika kama mtaonana tena. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kitabu kwanza, maana hapo tunakubaliana. Nilikuja nacho kutoka Uvira ndani ya koti. Sikukichagua, ndicho kilikuwa mfukoni siku tulipokimbia. Jina lake la Kifaransa hatukulitumia nyumbani. Mama yako alikiita "kitabu ya matofali", na jina likabaki. Ulikuwa na umri wa kama miaka kumi nilipoanza kukusomea, nikitafsiri kwa mdomo baada ya nsima, ugali wa huku, huku yeye akichambua maharagwe kwenye ungo na kujifanya hasikilizi.

Salome anazaliwa katika mji wa wachoma matofali. Mama yake mzazi anafariki kabla hajaijua sura yake, kama ilivyokuwa kwako. Baba ni mtu mpole asiyefaa kitu wakati wa shida. Anayemlea ni mke wa pili wa baba, na Salome, anayesimulia hadithi yake akiwa mtu mzima, hamtaji kwa jina hata mara moja. Anamwita "yule mama" tangu mwanzo hadi mwisho. Yule mama anamwamsha alfajiri kubeba matofali kabla ya shule. Yule mama hacheki. Lakini siku ambayo mkuu wa shule anamfukuza Salome kwa sababu sare yake haijakamilika, yule mama anakwenda shuleni na udongo mpaka kwenye viwiko, anasimama mlangoni pa ofisi, haombi wala hatukani, anasimama tu, mpaka watu wanaona aibu na kumrudisha mtoto darasani. Na Salome, badala ya kushukuru, anatamani ardhi ipasuke immeze, kwa sababu wenzake wameiona ile mikono.

Wewe na mama yako mlivyokuwa mkigombana juu ya ukurasa huo!

"Huyu mama iko na akili," mama yako alisema, macho kwenye ungo.

"Iko na roho mubaya, mama! Alimubebesha matofali!"

"We ulitaka mi nibebe maji peke yangu?"

"Si tunaongea kitabu!"

"Ego. Kitabu."

Ego yake ya Kirundi, yaani ndiyo, ilifunga mjadala, nami nilikuwa nacheka katikati yenu. Nilidhani ni furaha tu, kuona nyumba ya mabati inagombania riwaya.

Niseme na ya sinema, nisimdhulumu mtu. Zamani, kule Uvira, nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Bosco. Niliwapa darasa kazi ya kulinganisha riwaya fulani na filamu yake, na nilishajua jibu nililolitaka: kitabu kina kina, sinema ni kivuli. Wote waliliandika. Bosco aliandika kwamba yeye anapenda sinema, kwa sababu mama yake aliiona pia, na kitabu hawezi kukisoma. Nilimpa alama mbaya na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali." Nimeishi miaka mingi hapa kambini Dzaleka, Malawi, kabla ya kuelewa kwamba katika darasa lile yeye peke yake ndiye aliyelijibu. Kitabu husomwa na mmoja mmoja. Sinema huwakalisha watu pamoja, yule aliyesoma na yule ambaye hakupata nafasi ya kusoma, na wote hupata kitu cha kubishania njiani. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau anamdharau mama wa Bosco.

Ndiyo maana tuliposikia kwamba kitabu chetu kimetengenezewa sinema, na kwamba itaonyeshwa kwenye banda la video la pale karibu na soko, tulikwenda wote watatu. Mama yako alivaa kitenge cha kanisani. Unakumbuka. Komando, msimulizi wa banda lile, alikuwa na maikrofoni yake, anatafsiri Kifaransa kwa Kiswahili chetu, na kama kawaida yake alitafsiri na visivyosemwa.

"Muone mutoto wa bantu iko nakwenda masomo na matope mu miguu! Na we, kijana wa pale nyuma, masomo iko karibu na kwenu, unalala mpaka saa ine!"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Nami nakiri kwamba sinema ile ilinishika mahali ambapo kitabu hakikufika. Pale Salome anapoitwa mbele ya shule nzima kupokea matokeo, mwandishi ametumia kurasa tatu kueleza hofu yake. Sinema haikueleza kitu. Ilituonyesha visigino vyake tu, vyeupe kwa vumbi la matofali, vikipanda ngazi. Komando akashusha maikrofoni. Nilifikiri: huyu aliyeshika kamera anajua kazi yake.

Kisha akaja yule bibi. Kitabuni bibi yake Salome yumo kidogo tu, mzee wa kukohoa kwenye kona. Kwenye sinema ndiye anayepika, ndiye anayesuka nywele, ndiye anayeimba, na ndiye anayekwenda ofisini kumtetea mjukuu, akiwa safi na mtandio begani, na mwalimu mkuu anaona haya mara moja. Mwishoni lori linaondoka na Salome juu ya mizigo, bibi anapunga mkono, muziki unapanda. Komando akalia kwelikweli: "Huyu njo bibi! Aliyemulea ni huyu! Bantu kama hawa bameisha mu dunia!" Ukumbi wote ukalia naye. Wewe pia ulilia, na mimi sikuwa mbali.

Mama yako hakulia. Tulipotoka nje ndipo akauliza.

"Na ule mama wa matofali?"

"Bamemutoa, mama," ukasema.

"Bamemutoa? Amekosa nini?"

"Hakukosa kitu. Sinema haina nafasi ya kila muntu."

"Mbuzi ilipata nafasi."

Na kweli, kulikuwa na mbuzi mle aliyeonyeshwa muda mrefu akila kofia ya mwalimu. Ulicheka, nami nikacheka, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikaanza kueleza. Nilieleza kutoka sokoni mpaka mlangoni petu: kwamba saa mbili za sinema hazibebi kurasa mia tatu, kwamba watengenezaji huunganisha watu wawili kuwa mmoja, kwamba kila sanaa ina sheria zake. Nilieleza vizuri sana. Alipofungua mlango akanishukuru tu kwa Kichewa, "Zikomo, mwalimu," akaingia kulala.

Sasa nakueleza wewe kile ambacho nilipaswa kukieleza siku ile. Hawakumtoa yule mama kwa kukosa nafasi. Bibi ni mtu mtamu kuanzia asubuhi hadi jioni, na mtu mtamu ni rahisi kumpiga picha. Yule mama hakukaa upande wowote. Ukimweka mwovu, utafanya nini na siku aliyosimama mlangoni pa ofisi? Ukimweka mwema, utafanya nini na matofali ya alfajiri? Angewalazimisha watazamaji kushika vitu viwili kwa wakati mmoja, nao walikuja kulia na kwenda nyumbani. Basi akatolewa. Hakuna aliyemchukia. Alikuwa mgumu kusimuliwa, basi.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, mimi na wewe, kwenye meza yetu wenyewe.

Hujasahau, lakini nataka uone kwamba nami sijasahau. Mchungaji alikuwa amekuita utoe ushuhuda wako wa kuaga, kama wanavyofanya wote wanaopata safari. Ulikuwa umeandika mengi. Tulipofika kwenye sehemu ya mama yako ulisimama.

"Papa, nikimutaja nitasema na ya ule mwiko alinipiga nayo. Sitaki kusema bongo, kudanganya mbele ya bantu."

"Ya mwiko ni mambo ya nyumbani," nikakujibu.

"Basi niseme tu alinilea muzuri, kama ile bibi ya mu sinema?"

"Hapana. Huyo siye."

"Sasa?"

Nami, mtu mzima, niliyesoma, nikasema: "Basi toa sehemu yote. Muda wenyewe ni mfupi."

Mimi ndiye niliyesema, wewe ndiye uliyekata. Sikubebeshi peke yako.

Unajua desturi ya kanisa letu. Kila anayetajwa kwenye ushuhuda wa kuaga husimama, na watu humpigia makofi, ili anayeondoka aache nyuma yake watu waliosimama. Jumapili ulinitaja mimi, nikasimama. Ukamtaja mwalimu wa kwaya, akasimama. Ukamtaja mwalimu wako wa hesabu, Mmalawi aliyekuja kutoka Dowa kwa ajili yako, akasimama na kuinama. Mimi nilikuwa nimesimama, kwa hiyo niliona kile ambacho wewe hukukiona kutoka mbele. Mama yako alikuwa ameshampa jirani mkoba wake amshikie. Alikuwa amenyoosha kitenge magotini. Mguu mmoja alikuwa ameshauvuta nyuma, kama mtu anayejiandaa kuinuka.

Ukasema, "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na papa na neema ya Mungu." Kisha ukashukuru wote, na kwaya ikaanza.

Alirudisha mguu mahali pake. Akachukua mkoba wake. Nje, penye chakula cha kuaga, Mama Jolie wa nyumba ya tatu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akamwambia mbele ya wanawake: "Sasa shoga, leo tukuite nani? Konsolata?" Wanawake wakacheka, wengine kwa aibu. Hapa ndipo penye kisu, Faida. Konsolata ni jina alilobatizwa kwao Rumonge, Burundi, na hapa kambini hakuna anayemwita hivyo. Tangu ulipokuwa na miaka minne anaitwa Mama Faida. Hana mtoto mwingine wa kumpa jina. Sokoni ni Mama Faida, kanisani ni Mama Faida, hata mimi nikimwita nasema Mama Faida. Wewe ulisema mbele ya wote kwamba mama wa Faida alikufa Uvira. Ni kweli alikufa. Lakini ulisema hivyo mbele ya Mama Faida.

Yeye aligawa chakula. Aliwapakulia watu wote, akamjazia Mama Jolie mara ya pili. Aliosha masufuria ya kuazima na kuyarudisha nyumba kwa nyumba. Wewe ulijaribu, nilikusikia.

"Mama, muda ilikuwa mufupi."

"Ego. Muda."

Jumatatu alipanda gari la Lilongwe kwenda kwa dada yake, Mama Odeta, na hajarudi. Nilipokuambia umfuate ulinijibu kwa hasira, "Sikusema bongo, papa. Niliacha tu." Nimelitafakari jibu hilo siku hizi zote. Ni jibu zuri. Mwanafunzi angenipa hilo darasani, ningemsifu. Lakini tazama ule ukumbi wa sinema: hakuna aliyesema bongo mle pia. Waliacha tu, na watu wote wakatoka wakiapa kwamba aliyemlea Salome ni bibi.

Sitakuambia kwamba hukuwa na sababu. Uliumia na nilikuwepo. Alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika, alikunyoa nywele ulizozipenda, alikutuma na beseni la mandasi sokoni siku ambazo wenzako walikuwa wanacheza. Na ule mwiko. Ulikuwa umeacha beseni ukaenda kusoma, mbuzi wakala mandasi zote, akakupiga nao mkononi na kidole kikavimba, ukakosa jaribio la darasa. Hilo halitafutika na sitaki ulifute.

Lakini kuna nusu ya pili ambayo hukuiona, kwa sababu ulikuwa unalia, kichwa umekificha kwenye kitenge chake, kwenye foleni ya zahanati. Nesi aliuliza, "Mutoto amefanya nini?" Mama yako akajibu kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia, "Mi njo nilimupiga." Nesi akamsema vibaya sana mbele ya watu, na yeye akasimama pale akimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dawa inanywewa vipi. Mimi nilifika baadaye, foleni ikanisimulia, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba angeweza kusema umeanguka. Mimi ningesema umeanguka. Nimesoma vitabu vingi kuliko yeye na ningesema umeanguka.

Hapa nafika kwenye somo lililonigharimu miaka, na nalisema kwa ajili yako, si kwa ajili ya kujisafisha. Katika nyumba yetu mimi nilichukua sehemu tamu. Mimi nilikuwa bibi wa sinema. Nilikaa na kitabu, nikakusomea, nikakuita "mwanafunzi wangu", na kila neno la "hapana" nikamwachia yeye aliseme. Hapana, hutaenda dansi. Hapana, maji kwanza. Jioni ulikuja kwangu kulalamika, nami nikakufungulia ukurasa. Ulikua ukijua baba ni kitabu na mama ni mwiko, na mimi sikukurekebisha, kwa sababu kupendwa ni jambo tamu, na mwalimu mkimbizi hana mengi matamu. Yule baba mpole wa Salome, asiyefaa kitu wakati wa shida, nilimsoma mara ngapi? Sikuwahi kujiuliza ni nani. Hilo nina deni nalo kwa mama yako, na nitalilipa mwenyewe. Usiende kunisemea.

Jana nilimpigia Mama Odeta. Nikuandikie alivyosema, usije ukafikiri naongeza chumvi.

"Shemeji, muke wako iko hapa. Iko nakunja nguo."

"Nguo za nani?"

"Zake na zangu. Mi sirudi Dzaleka, shemeji. Banasema wakimbizi bote ba mu mji barudi kambini, mi nalala na viatu mu miguu, nikisikia gari nakimbilia kwa jirani. Nimechoka. Narudi Burundi. Naye anasema tutaenda wote."

"Mpe simu."

Nikasikia wanaongea Kirundi, kisha akarudi. "Anasema iko napika."

"Muulize kama atakuja uwanja wa ndege."

Akamuuliza, akarudi simuni: "Anasema, uwanja ni ya bazazi."

Wa wazazi, Faida. Siogopi ndege. Siogopi Kanada. Ninaogopa lile sanduku linalofungwa Kauma. Nimeomba ruhusa ya kutoka kambini, nimeambiwa nirudi wiki ijayo, na gari lenu ni la wasafiri tu. Mimi siwezi kufika. Wewe utalala Area 18, palepale Lilongwe, karibu naye kuliko alivyo mtu mwingine yeyote wa nyumba hii.

Nitakueleza jambo la mwisho kuhusu kitabu, halafu nitanyamaza. Sinema inaishia kwenye lori. Kitabu hakiishii hapo, kina sura nne baada ya lori, na ukiwa mdogo hukuzipenda, uliniambia hazina hadithi. Ni kweli, hazina matukio. Salome yuko mjini, anafanikiwa. Watu wanamuuliza nani alimlea, naye kwa kuwa jibu la kweli ni refu, anasema "bibi". Mara ya kwanza anasikia aibu kidogo. Baadaye hasikii kitu. Miaka inapita, anapata watoto, anawaambia habari za bibi. Siku anapopata ujasiri wa kurudi kulisema lile jibu refu, tanuru limebomolewa na yule mama alihama zamani, na majirani wapya hawajui alielekea wapi. Ndipo anaanza kuandika. Kurasa zote mia tatu ni jibu ambalo hakumpa mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kulisikia. Sinema haikuweza kutuonyesha hilo, kwa sababu Salome wa sinema yuko juu ya lori bado na hajui. Mjuzi ni yule wa kitabu, na ujuzi wake umechelewa.

Wewe leo hii uko juu ya lori. Huko uendako watakuuliza, darasani, ofisini, mezani kwa watu: nani alikulea? Kila mara muda utakuwa mfupi. Sikukatazi kufupisha, maisha yote hufupishwa yakisemwa. Ninachokijua ni kwamba anayekatwa kwa sababu ni mgumu kusimuliwa mara nyingi ndiye aliyebeba kazi, na kwamba ukimkata mara moja mbele ya watu, mara ya pili kisu hakiumi.

Usimbebee hotuba. Hotuba za kwetu ninazijua, nimekufundisha mimi, naye hazipendi. Usimwambie kwamba alikuwa mwema tu, atakucheka. Mweleze ya mwiko na ya zahanati kwa pamoja, vile ungeyasema pale mbele kama ungeyajua yote na nisingekuzuia. Huenda akakufukuza. Huenda akasema "Ego" na kuendelea kukunja nguo. Hilo siwezi kukuahidi, na sitajidai. Lakini atakuwa amesikia kutoka kinywani mwako, na akienda Burundi atakwenda akijua anaitwa nani.

Pale Kauma hawamjui Konsolata wala Mama Faida. Ukifika sokoni muulizie Mama Odeta, Mrundi anayeuza mandasi, watakuonyesha mlango. Wenzako watakuambia pumzika, safari ni ndefu. Ni wema wao. Usiwasikilize.

Leo, ukishaweka mizigo Area 18, panda baiskeli ya kabaza uende Kauma ukamwone mama yako.